Urithi wa Walionusurika: Tufani na Simulizi Zake katika Pwani ya Macaloe

Kisiwa cha Macaloe ni kimoja katika silsila ya visiwa vya Kerimba, vilivyojipanga kutoka kusini hadi kaskazini mbele ya pwani ya Cabo Delgado, jimbo la mwisho la Msumbiji kabla ya kuufikia mto Ruvuma na nchi ya Tanzania. Ni kisiwa kidogo cha matumbawe na mchanga, kilicho karibu na Mucojo na Pangane za bara, na watu wake ni Wamwani, wavuvi na mabaharia wa dini ya Kiislamu, ambao lugha yao ni jirani wa damu wa Kiswahili, kiasi ambacho mtu wa Kilwa au wa Mafia akiketi nao barazani hawezi kujihisi mgeni kamili. Historia ya mahali kama hapa aghalabu haimo vitabuni. Imo vifuani mwa watu, nayo hupita kutoka kwa mzee hadi kwa kijana katika mazungumzo ya jioni, wakati nyavu zinaposhonwa na samaki wanapoanikwa. Mas'ala ninayokusudia kuyachungua hapa ni haya: watu wa pwani hii walipofikwa na misiba mikubwa ya upepo, ya bahari na ya silaha, walitoka humo na elimu gani, waliwarithisha watoto wao kwa kiasi gani, na ni sababu zipi zilizofanya sehemu kubwa ya urithi huo ipotee njiani?

Mas'ala haya yalipata uzito wake jioni ya tarehe 25 Aprili 2019, ilipoingia nchi kavu tufani iliyopewa jina la Kenneth, kaskazini ya mji wa Pemba wa Msumbiji, katika pwani ya Macomia, baada ya kupita kando ya Ngazija, ikavipiga visiwa vya Kerimba kwa upepo uliokadiriwa kufika kilomita 220 kwa saa. Wiki sita tu kabla ya hapo tufani nyingine, Idai, ilikuwa imeuvunja mji wa Beira na kuua mamia ya watu katikati ya nchi. Lakini Beira iko mbali sana na Kerimba, na habari zake zilisikiwa visiwani kama zisikiwavyo habari za nchi ya watu wengine. Serikali ilitangaza, redio ilionya, na maelfu ya watu walihamishwa. Hata hivyo wako wengi waliobaki majumbani mwao, nao hawakubaki kwa ujinga wala kwa ukaidi. Walibaki kwa sababu wazee wao wenyewe walikuwa hawajapata kuona upepo wa namna ile, na kwa mtu ambaye elimu yake yote ya bahari ameipokea kwa wazee, tangu majina ya pepo hadi njia za miamba, kimya cha mzee nacho ni ushahidi: jambo ambalo babu hakulitaja huhesabiwa kuwa halimo duniani.

Walakini jambo lile lilikuwamo. Ili tufahamu jinsi lilivyotoka katika kumbukumbu ya watu, yatupasa kurudi nyuma na kuitazama pwani nzima, maana bahari hii haikuwahi kuwa na mpaka baina ya Macaloe, Lindi na Unguja, na msiba uliompata mmoja ulikuwa ni onyo kwa wote.

Tuanze na msiba uliokumbukwa. Baina ya mwaka 1800 na 1820 au karibu na hapo, watu wa Bukini, ambayo leo huitwa Madagaska, wengi wao wakiwa Wasakalava na Wabetsimisaraka, walikuwa wakivuka bahari kwa makundi makubwa ya mitumbwi yenye matengo, wakivishambulia visiwa vya Ngazija na Nzwani, na kutoka huko wakifika Kerimba na hata kaskazini zaidi, wakichoma miji na kuteka watu ili kuwauza utumwani. Wareno, waliokuwa na makao yao katika kisiwa cha Ibo, na ambao mwaka 1791 walikuwa wamemaliza kujenga huko ngome yenye umbo la nyota, hawakuweza kuvilinda visiwa vingine, na mji wa Kua katika kisiwa cha Juani, huko Mafia, ulivamiwa na Wasakalava hao ukaachwa, ukabaki magofu hadi leo. Msiba huu ulikaa katika vinywa vya watu kwa vizazi vingi, nao ulikaa kwa sababu iliyo dhahiri: ulikuwa na mtendaji mwenye jina, kabila na nchi. Mama aliweza kumtisha mtoto kwa jina la Msakalava, na jina likibaki, kisa nacho hubaki nyuma yake.

Upepo hauna bahati hiyo. Hauna kabila la kulaumiwa, hauachi gofu linaloweza kutofautishwa na gofu la uzee, na minazi iliyoanguka huoza ikapandwa mingine. Kwa hiyo msiba wa upepo, ingawa waweza kuua na kufukarisha kuliko msiba wa adui, husahauliwa upesi zaidi. Na mfano wake mkubwa katika pwani yetu ni tufani ya Unguja ya tarehe 15 Aprili 1872.

Sayyid Barghash bin Said alikuwa hajatimiza miaka miwili katika kiti cha enzi wakati tufani hiyo ilipoupiga mji wa Unguja na mashamba yake. Kisiwa kilikuwa kikidhaniwa kuwa kiko nje kabisa ya njia ya tufani, na wageni wenye elimu ya bahari walikuwa wakikisifu kwa usalama wake. Upepo wa siku ile uliziangamiza merikebu za Sultani bandarini pamoja na majahazi ya wafanyabiashara, ukaing'oa yapata theluthi mbili ya mikarafuu ya kisiwa, na minazi kwa idadi isiyo na hesabu. Mkarafuu hautoi mazao ya maana mpaka upite miaka kadhaa tangu kupandwa, hivyo hasara ya mchana mmoja ililipwa kwa miaka. Na Sultani, ambaye hazina yake ilikuwa imepungukiwa na merikebu zake zimelala chini ya maji, ndiye ambaye Waingereza walimsonga mwaka uliofuata, 1873, hata akatia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini. Kisiwa cha Pemba, ambacho tufani haikukipiga kwa ukali ule, kilibaki na mikarafuu yake wakati bei ya karafuu inapanda, na watu wakazidi kupanda huko hata Pemba ikawa mbele ya Unguja katika zao hilo. Miaka michache baadaye Barghash aliagiza Uingereza merikebu mpya, Glasgow, iliyojengwa badala ya zile zilizopotea. Na merikebu hiyo ndiyo iliyozamishwa kwa mizinga ya Waingereza katika vita vifupi vya Agosti 1896.

Kwa hiyo tufani ya 1872 iligeuza uchumi wa visiwa viwili na kuidhoofisha dola. Lakini tukiuliza ilikumbukwa na nani, tutaona kwamba kumbukumbu yake ilihifadhiwa hasa katika barua za mabalozi, katika daftari za wafanyabiashara na katika hesabu za bei za karafuu, yaani mahali ambapo mvuvi hafiki. Waandishi hao walihifadhi hasara ya mali. Hawakuwa na haja ya kuhifadhi upepo ulianza upande gani, wala bahari ilionyesha dalili gani, wala mtumwa wa shamba aliyesalimika alisalimika kwa kujificha wapi. Dola iliirithi hasara, na elimu ya kunusurika ikazikwa pamoja na wenyewe.

Miaka themanini ikapita, na tarehe ileile, 15 Aprili, mwaka 1952, tufani nyingine ikaingia Tanganyika, pande za Lindi, ikaua watu 34 na kuvunja nyumba na mashamba. Lindi haiko mbali na Kerimba: ni safari fupi ya jahazi, na mabaharia wa pande hizo mbili wamekuwa wakioana, wakisoma vyuo pamoja na kuzikana tangu zama za kale. Watu waliokuwa vijana Lindi mwaka 1952 walikuwa wazee mwaka 2019, na wachache wao walikuwa bado hai Kenneth ilipofika. Elimu ile, basi, haikuwa imekufa. Ilikuwa iko ng'ambo ya mto. Kilichoizuia kuvuka ni mpaka waliokubaliana Wajerumani na Wareno mwaka 1886, ambao kwanza ulikuwa mstari wa ramani, kisha ukawa mpaka wa lugha za skuli, Kiingereza na Kiswahili huku, Kireno kule. Kisha, vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964, ukawa mpaka wa askari na wakimbizi. Jahazi lilizidi kuvuka na samaki wakavuka, lakini mazungumzo marefu ya barazani, ambayo ndiyo chombo cha kubebea simulizi, yalipungua. Mtoto wa Macomia alifundishwa skuli majina ya mito ya Ureno, na hakuna aliyemfundisha habari ya upepo wa Lindi.

Hapa pana jambo ambalo naona halijaangaliwa vya kutosha, nalo ni hesabu ya siku. Tufani ya Unguja ilipiga katika mwezi wa Safar mwaka 1289 wa Hijria. Ya Lindi ilipiga katika Rajab ya mwaka 1371. Kenneth ilikuja katika Shaaban ya mwaka 1440, siku chache kabla ya Ramadhani. Mzee anayezihifadhi tarehe za misiba kwa miezi ya mwandamo, kama ilivyo ada ya Mwislamu kuhifadhi tarehe za vifo na maulidi, hataona uhusiano wowote baina ya Safar, Rajab na Shaaban, kwa kuwa mwaka wa mwezi huutangulia mwaka wa jua kwa siku kumi na moja, na katika kutangulia huko huzunguka misimu yote. Lakini ukizitazama siku hizohizo kwa hesabu ya jua, zote tatu zinaangukia baina ya tarehe 15 na 25 ya Aprili, wakati wa masika, kaskazi inapokufa na kusi haijashika, siku ambazo mabaharia huziita maleleji. Wahenga wa pwani walikuwa nayo hesabu ya jua: walihesabu siku za mwaka tangu Nairuzi kwa makumi, yaani miongo, na kwa miongo hiyo walijua siku za kupanda, siku za kusafiri na siku za kuvuta vyombo pwani. Hesabu hiyo ilikuwa na upungufu wake, lakini katika umri wa mtu mmoja haipotezi msimu; na laiti misiba ya upepo ingalihifadhiwa kwa miongo, huenda mzee wa Macaloe angalikuwa na neno la kumwambia mjukuu wake juu ya siku zile za maleleji. Miongo ilipoachwa, ikabaki kalenda ya ofisi kwa kazi na kalenda ya mwezi kwa ibada, na elimu ya hatari ya msimu ikakosa mahali pa kukaa.

Sipendi msomaji adhani kwamba Aprili peke yake ndiyo ya kuogopwa. Tufani Gombe iliipiga Nampula mwezi Machi 2022. Tufani Hidaya ilifika pande za Mafia mwanzo wa Mei 2024. Na tufani Chido, baada ya kuiharibu Mayotte, iliingia Mecúfi, kusini ya Pemba ya Msumbiji, tarehe 15 Desemba 2024, ikaua watu zaidi ya mia moja nchini humo. Bahari imebadilika joto lake na tabia zake zinabadilika. Lakini mabadiliko hayo yanaongeza haja ya simulizi, maana mtu asiyejua la jana atatambuaje kwamba la leo ni jipya?

Turejee sasa Kenneth, na tuitazame kwa karibu, kwa kuwa ndiyo ambayo mashahidi wake wako hai. Nyumba ya Mmwani wa kawaida husimamishwa kwa nguzo za mikoko zilizochimbiwa chini. Nguzo hizo hufungwa fito za kusimama na za kulala, na nafasi iliyo baina ya fito hujazwa mawe ya matumbawe na kukandikwa udongo. Juu yake hupandishwa boriti na makombamoyo, kisha makuti hufungwa kwa kamba safu juu ya safu. Ni nyumba iliyotungwa kwa akili kubwa dhidi ya jua na mvua, na kusi ya kawaida haiidhuru. Lakini upepo wa tufani hupenya chini ya upenu na kulinyanyua paa lote, na paa likishakwenda kuta hukosa kinachozishika pamoja, zikaanguka kwa uzito wa mawe yake zenyewe, na mara nyingi huanguka ndani, pale ambapo watu wamejikunyata. Ndiyo maana katika kisiwa cha Ibo, ambako ripoti za siku zile zilisema kwamba yapata nyumba tisa katika kila kumi ziliharibika, yale majumba ya mawe na chokaa yaliyojengwa zamani yalistahimili kuliko nyumba za fito na udongo.

Jambo la pili ni mgeuko wa upepo. Katika nusu hii ya dunia tufani huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, na ikija kutoka mashariki, mahali panapopitiwa na kitovu chake hupigwa kwanza na upepo wa upande wa kusini. Kisha upepo hukatika ghafla, mvua ikapungua, na mbingu yaweza hata kuonekana. Na baada ya kitambo, ambacho chaweza kuwa kifupi sana, upepo hurudi kwa nguvu ileile kutoka upande wa kaskazini. Mtu ambaye hajasimuliwa haya, upepo ukinyamaza humshukuru Mola, akatoka kuwatafuta jamaa, kuokota mabati na kutazama chombo chake. Na upepo wa pili humkuta uwanjani, katika giza, akiwa hana ukuta. Nahodha naye, kwa desturi ya miaka yote ya kusi, huificha mashua yake upande wa kaskazini wa kisiwa au nyuma ya mikoko inayoikinga kusi. Na upepo ukigeuka, kimbilio lile lile ndilo linalokuwa uso wa bahari. Kwa jambo hili moja tu, lililosemwa kwa maneno machache kila mwaka, roho na vyombo vinaweza kusalimika: kwamba kimya cha katikati si mwisho, na kwamba upepo utarudi kutoka upande uliokuwa salama. Babu akimwambia mjukuu wake, "Ukinyamaza ghafla, mwanangu, usitoke, hesabu kwamba umefika nusu," amempa kinga ambayo hakuna bendera ya onyo, ya rangi yoyote, iwezayo kuitoa kwa ukamilifu huo.

Kenneth iliua watu 45 nchini Msumbiji, ikaharibu makumi ya maelfu ya nyumba, na mvua zilizofuata zikaufurikisha mji wa Pemba, zikaleta kipindupindu. Hayo yote yalikuwa mapya, na simulizi yake ingalitengenea kwa utulivu, jioni baada ya jioni, kama pasingalikuwa na msiba mwingine uliokwisha kuanza. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walikuwa wameshambulia mji wa Mocímboa da Praia, na baada ya tufani vita vilizidi: Macomia ilishambuliwa Mei 2020, Mocímboa da Praia ikatekwa Agosti mwaka huo, Palma ikavamiwa Machi 2021, na vijiji vya pwani ya Mucojo, ambavyo vilikuwa bado vinapandisha makuti mapya juu ya nguzo zilizobaki, vikachomwa na kuhamwa. Watu walikimbilia bahari, kwa kuwa ndiyo njia pekee waliyoijua kuliko adui zao. Katika wiki chache za mwisho wa 2020 zaidi ya watu 10,000 walishuka kutoka majahazini katika ufuko wa Paquitequete, mtaa wa kale wa Wamwani mjini Pemba. Na tarehe 29 Oktoba mwaka huo chombo kimoja cha wakimbizi kilizama baina ya Ibo na Matemo, wakafa maji watu zaidi ya 40. Kufika mwaka 2022 idadi ya waliohama makwao katika Cabo Delgado ilikuwa imekaribia milioni moja.

Vita hivi viliidhuru simulizi kwa namna tatu. Kwanza viliwatawanya wasimulizi na wasikilizaji: bibi akawa kambini Metuge, mjukuu akawa kwa shangazi Nampula, na mtoto aliyekuwa mchanga Kenneth ilipopiga akakua mbali na bahari, hajui kuitofautisha kusi na matlai. Pili, msiba mkubwa uliumeza mdogo, kama ilivyo tabia ya misiba. Na mtu aliyeona kijiji chake kikichomwa moto huona haya kuzungumza habari ya paa lililochukuliwa na upepo. Tatu, vilileta hofu ya kusema. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na katika nchi yenye vita haijulikani ung'ongo ni upi na nyoka ni yupi, wala msikilizaji wako atakwenda kuyasema wapi uliyomwambia. Kwa hiyo watu hunyamaza, na wana udhuru wa haki. Anayewataka walionusurika waseme hana budi kwanza kuuheshimu unyamavu wao, awaache wachague saa, mahali na msikilizaji. Maana kumlazimisha mtu aliyefiwa asimulie kifo ili wengine wapate mafunzo ni kumfisha mara ya pili.

Hata hivyo jimbo hilihili lina ushahidi kwamba machungu makubwa huweza kusemwa mbele ya vijana bila ya kuwavunja wasemaji. Tarehe 16 Juni 1960, katika uwanda wa juu wa Mueda, watu walikusanyika mbele ya ofisi ya utawala wa Kireno kuzungumza habari ya uhuru na haki. Wajumbe wao, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, wakakamatwa, na askari wakaufyatulia umati risasi. Baada ya uhuru wa 1975 watu wa Mueda walianza kuliigiza tukio hilo kila mwaka, mahali palepale lilipotokea, mbele ya jengo lilelile, na miongoni mwa waigizaji walikuwamo walioliona kwa macho yao; na Ruy Guerra akaipiga sinema michezo hiyo katika filamu aliyoitoa mwaka 1979. Kijana wa Mueda hakusomewa habari ile katika kitabu: alisimama katika umati uleule, akamwona jirani yake akiwa gavana na mjomba wake akiwa mfungwa. Pwani ya jimbo haikupata uwanja wa namna hiyo kwa misiba yake. Taifa lilikuwa na sababu njema ya kuitukuza kumbukumbu ya Mueda, kwa kuwa ndiyo iliyofungua njia ya ukombozi. Lakini msiba wa wavuvi, usio na ushindi ndani yake, haukupewa siku wala jukwaa, na kukosa huko ni sehemu ya historia ya Wamwani inayostahili kusemwa waziwazi.

Na kwamba misiba ya bahari yaweza kuhifadhiwa bila ya jukwaa wala dola, tuna shahidi katika Bahari ya Hindi hiihii. Katika kisiwa cha Simeulue, karibu na Sumatra, mwaka 1907 ardhi ilitetemeka, bahari ikarudi nyuma, kisha ikapanda juu ya vijiji na kuua watu wengi. Waliosalimika walikifanya kisa hicho kuwa nyimbo na hadithi za kulaza watoto, zenye amri moja ndani yake: nchi ikitetemeka na bahari ikikauka, usingoje kuulizana, panda mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004, miaka 97 baadaye, mtetemeko mkubwa ulitokea karibu kabisa na kisiwa hicho, na katika watu wake wapatao 78,000 walikufa saba tu. Wimbi la siku ileile lilivuka bahari yote likafika pwani ya Somalia, pande za Hafun, na huko, ingawa lilikuwa limekwisha kusafiri kwa saa nyingi, lilichukua roho za watu karibu mia tatu. Nguvu ya wimbi ilikuwa kubwa zaidi Simeulue. Tofauti ilikuwa katika kile ambacho bibi zao walikuwa wamewaimbia.

Tukivilinganisha visa hivi twaona kanuni iliyo wazi. Simulizi inayodumu ni ile iliyofungwa kwenye mambo matatu: mahali panapojulikana, majira yanayorudi, na tendo la kufanya. Mueda ina mahali na siku yake. Simeulue ina dalili na tendo lake. Tufani ya Unguja ilipewa hesabu ya hasara tu, ya Lindi ikapewa huzuni tu, na zote mbili zikapotea. Huzuni pekee, ijapokuwa ni haki ya kila aliyefiwa, haina mguu wa kwenda mbali. Humliza mtoto jioni moja, na kesho yake hana la kushika. Lakini kisa kinachosema kwamba katika siku za maleleji, kusi ikivuma bila ya wakati wake huku wimbi zito likitoka mashariki, chombo kisifichwe nyuma ya kisiwa bali kivutwe juu kabisa, watoto wapelekwe kwenye jengo la mawe, na mtu asitoke upepo unapokatika, hicho hukaa, kwa sababu mtoto akiwa nahodha atakihitaji.

Kazi hii haihitaji mali nyingi. Inahitaji kwamba katika kila chuo cha Kurani na kila skuli ya pwani, na katika kambi za waliohama vilevile, ipatikane siku moja ya Aprili ambayo wazee wa kike na wa kiume wanaopenda kusema wapewe nafasi ya kusema kwa Kimwani, na vijana wanaojua kuandika wayaandike kwa Kimwani hichohicho, kwa majina ya pepo na ya miamba kama wayatamkavyo wenyewe. Inahitaji kwamba watungaji wa tenzi, ambao katika pwani hii wamevihifadhi vita na vifo vya wakubwa, waihifadhi na tufani. Inahitaji pia kwamba watu wa Lindi, Mtwara, Mafia na Kerimba wasikilizane tena, kwa kuwa upepo hautaki hati ya safari ya mtu. Na wanawake wasisahauliwe, ambao wakati wa msiba ndio waliobeba watoto, maji na wagonjwa, na ambao huijua njia ya kunusurika ya nyumba nzima, wakati mwanamume aghalabu huijua ya chombo chake.

Aisifuye mvua imemnyea, walisema wahenga, na walionyewa na mvua ya 2019 wako wengi: waliokuwa na miaka kumi siku ile sasa ni vijana, waliokuwa vijana sasa ni wazazi, na baadhi yao wameanza kurudi katika fukwe zao na kupanda tena minazi. Hawa hawawezi kutoa udhuru waliokuwa nao wazee wao, kwamba hatukuona wala hatukusimuliwa. Mtoto aliyezaliwa Macaloe, na yule aliyezaliwa ugenini kwa sababu Macaloe ilikimbiwa, wana haki moja juu ya watu wao: kuambiwa upepo ule ulianza upande gani, ulinyamaza vipi, ulirudi kutoka wapi, na nani alisalimika kwa kufanya nini. Haki hiyo ni deni, na linapaswa kulipwa sasa, wakati wadaiwa wake wangali hai na kumbukumbu yao haijachanganyika.